Je, Wajua? Besi ya Nyuzi Kuukuu

Je, wajua kwamba mpiga besi aliyesikika katika nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown hakuwa na desturi ya kubadilisha nyuzi? James Jamerson wa Detroit, Marekani, alipiga gitaa la besi la Fender Precision la mwaka 1962, na uzi ulibadilishwa pale tu ulipokatika. Zilikuwa nyuzi nene za La Bella zenye uso laini. Kadiri zilivyochakaa, ndivyo mlio ulivyozidi kuwa mzito na mfupi. Chini ya kifuniko cha daraja mlikuwa na kipande cha sponji kilichotoka nalo kiwandani, kikizuia noti zisivume kupita kiasi. Na mkono wake wa kulia ulitumia kidole kimoja tu, cha shahada!

Gitaa hilo liliibwa siku chache kabla hajafariki mwaka 1983, na halijapatikana.

Basi wewe unayenunua besi ya mtumba, usiikatae kwa sababu ya nyuzi kuukuu. Kagua shingo: ichungulie kuanzia kichwani uone kama imepinda. Nyuzi hubadilishwa kwa dakika chache. Kutengeneza shingo iliyopinda vibaya kunaweza kugharimu zaidi kuliko gitaa lenyewe.