Gango la Springi: Ukodi au Ununue, na Nani Atalipa?

Aliyevunjika kiwiko hutazamia kwamba siku plasta itakapotolewa, shida imekwisha. Mara nyingi siku hiyo ndipo anapogundua mkono haunyooki hadi mwisho, wala haukunjiki hadi ufike mdomoni. Kiungo kilichokaa wiki sita bila kusogea hukakamaa, na kushika jembe au kufunga vifungo vya shati huwa kazi kubwa.

Hapo daktari huagiza mazoezi ya viungo, na kwa baadhi ya wagonjwa huongeza gango la springi, ambalo wengi huliita bresi. Gango la kawaida hushikilia kiungo mahali pamoja. Hili la springi huvuta: nguvu yake ni ndogo lakini hufanya kazi kwa saa nyingi, hata mgonjwa akiwa amelala, mpaka kiungo kilegee taratibu. Kwa kawaida huvaliwa kwa majuma au miezi michache tu. Ukichelewa sana, makovu ya ndani hukomaa, na huenda kilichobaki kikawa upasuaji. Kwa hiyo mwezi unaopotea mkitafuta fedha ni mwezi wa matibabu uliopotea.

Wengi huuliza kwanza kuhusu SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira rasmi hulipa kulingana na kipato cha nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Jambo ambalo huwaponza watu ni hili: SHA hulipa hospitali, haikurudishii wewe pesa mkononi. Ukinunua gango dukani kisha ukapeleka risiti ukitarajia kufidiwa, utarudi na risiti yako. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwenye dawati la SHA hospitalini, uhakikishe michango yako iko sawa, kisha uulize kama kifaa ulichoandikiwa kimo katika huduma zinazolipiwa na kama kinahitaji idhini ya awali. Jibu la mdomo halitoshi. Omba liandikwe.

Bima za kibinafsi nyingi zina utaratibu wa kulipa kwanza na kudai baadaye, lakini nazo hutofautiana. Soma mkataba wako sehemu ya vifaa vya nje ya mwili. Kuna mikataba inayolipia kununua lakini si kukodi, na mingine huweka kiwango cha juu kwa mwaka. Madai hukataliwa mara nyingi kwa sababu ndogo: barua ya daktari haisemi kwa nini gango la kawaida halitoshi, au risiti haikutolewa kupitia eTIMS. Barua nzuri hutaja jina la kiungo, kinanyooka na kukunjika nyuzi ngapi leo, na kifaa kitavaliwa kwa muda gani.

Ikiwa uliumia kazini, kuna mlango mwingine ambao wengi hawaubishi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, inamtaka mwajiri agharamie matibabu yanayofaa pamoja na vifaa anavyohitaji mfanyakazi aliyelemazwa na ajali hiyo, vikiwemo magongo na viungo bandia, kuvitengeneza na kuvibadilisha. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba baada ya kupata habari, na dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Usikubali kuambiwa “tutaona” mpaka mwaka uishe. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo husaidia kwa vifaa, lakini kwa waliosajiliwa baada ya kupimwa. Kiwiko kilichokakamaa kwa miezi mitatu hakikufikishi huko. Mzee aliyepooza mguu baada ya kiharusi na anahitaji gango la kudumu, huyo jamaa zake waanze usajili mapema.

Sasa kukodi. Tumezoea kukodi hema na viti vya matanga, si kifaa cha hospitali, lakini kwa kitu cha kuvaa wiki nane hoja ina uzito. Piga hesabu kabla ya kutia sahihi. Tuseme gango linauzwa shilingi 20,000 na kukodi ni 6,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu utalipa 18,000. Mwezi wa nne umefika 24,000, na kifaa bado si chako. Kwa hiyo muulize mtaalamu wako anatarajia miezi mingapi, na muulize mwenye duka kama kodi uliyolipa itahesabiwa ukiamua kununua, nani atalipia springi ikikatika, na amana yako itarudishwa lini. Tena kifaa kilichotumiwa na mwingine kisafishwe na kupimwa upya mwilini mwako. Gango la kuazima kwa jirani, likifungwa kwa kubahatisha, hutoboa vidonda, hasa kwa mwenye kisukari au ganzi.

Kwa watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, usifikirie kukodi. Baada ya plasta wao huvaa viatu vyenye fimbo karibu saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi umri wa miaka minne au mitano, na kila mguu unapokua viatu hubadilishwa.

Kabla ya yote hayo, uliza kama kuna njia ya bei nafuu. Mtaalamu wa tiba ya kazi anaweza kuunda gango la plastiki na mipira kwa ajili ya vidole, au kukubadilishia plasta kila wiki huku kiungo kikinyooshwa kidogo kidogo. Asiyeweza kulipa amwone afisa wa ustawi wa jamii hospitalini kuhusu msamaha wa ada.

Ukienda kliniki beba kitambulisho, barua ya daktari, picha za eksirei, na kwa aliyeumia kazini, nakala ya taarifa aliyompa mwajiri.