Chama si Kibla

Mwanadamu hakuumbwa aishi bila ya kitu cha kukitukuza. Akiondolewa ibada moja, aghalabu hujitafutia nyingine, hata kama mwenyewe hataiita ibada. Huko Ufaransa, mapinduzi yalipokwisha kuyafunga makanisa, Robespierre aliongoza sikukuu mpya ya kitaifa ya kumwadhimisha Aliye Juu tarehe 8 Juni 1794. Haikutimia miezi miwili na yeye akakatwa kichwa. Huko Urusi, serikali iliyopiga vita dini iliuhifadhi mwili wa Lenin mwaka 1924, na watu wakapanga safu kuuzuru mithili ya kaburi la walii.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wa Unguja na Pemba hawajasahau zama za siasa, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 hadi 1963, pale majirani waligomeana maduka na mabasi. Ghasia za Juni 1961 ziliua watu 68. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 uhasama wa namna hiyo ulirejea, hasa Pemba: watu wa kijiji kimoja waliacha kuzikana, na wengine hata kusali pamoja. Jambo la kuzingatiwa ni hili, kwamba si msikiti uliokipima chama, bali ni chama kilichoupima msikiti. Ndiyo maana kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ilipokewa na wengi kama faraja ya mazishi na harusi zao, si ya Baraza la Wawakilishi peke yake.

Siku hizi iko imani nyingine inayokua, nayo ni ya kuhifadhi mazingira. Tangu Siku ya Dunia ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza huko Marekani, tarehe 22 Aprili 1970, wako watu katika nchi za kitajiri walioiacha dini ya baba zao na kuyakuta humo yote waliyoyaacha: dhambi, mfungo, makafiri, na Kiyama. Hatuyasemi haya kwa kejeli. Matumbawe yanapauka kweli, na maji ya chumvi yanaingia kweli katika mabonde ya mpunga ya Pemba. Ila ukweli wa jambo haulifanyi kuwa dini. Dini humtaka mtu ajihukumu nafsi yake kwanza, humfungulia mlango wa toba, na humkumbusha kuwa mpinzani wake naye ni mja. Harakati iliyokaa mahali pa dini huhukumu wengine kwanza, na mlango huo haina.

Tunao mfano wetu wenyewe, nao ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambako wavuvi hupiga dago na kasa hutaga. Wahenga wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika huko akaomba msala, na wavuvi hawakuwa nao; akasema kisiwa chenyewe, kwa vile kimeelekea kibla, ndicho msala wake. Misali ilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, amri za serikali peke yake hazikutosha kuondoa uvuvi wa baruti. Hapo ndipo wanavyuoni walipoingizwa katika kazi, na mafunzo ya ukhalifa, amana na kuepuka israfu yakasomeshwa kwa wavuvi. Mvuvi aliyemwona bwana samaki kuwa adui alisikia hoja aliyokwisha kuiamini tangu chuoni.

Funzo lake ni wazi. Msala hauabudiwi, bali huabudiwa Mungu juu yake. Hata hivyo hakuna muumini anayeuchafua. Bahari na tuitunze hivyo hivyo, na siasa tuifanye hivyo hivyo, kwa heshima na kwa mipaka.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara zinazohusika wasiwapelekee wavuvi hifadhi kana kwamba ni dini ngeni yenye makasisi wake. Wawashirikishe makhatibu, mapadri na kamati za wavuvi kabla ya kuandika sheria, si baada ya kuwakamata watu. Wala wasiigeuze mimbari kuwa kipaza sauti cha serikali, kwani khatibu anayesoma waraka wa ofisi haaminiwi tena hata anaposoma hadithi.

Nasi wananchi wa visiwani tusijifiche nyuma ya dua huku tukivua kwa utupa na nyavu za macho madogo. Na uchaguzi ufikapo, kila mmoja wetu achague chama akitakacho, kisha jirani akifiwa, tukabebe jeneza bila ya kuuliza kadi yake.