Bei ya Nguo na Ubora Wake: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Tuchukue mfano ambao wazazi wengi wa Kisii na Nyamira hukutana nao kila Januari. Sweta ya shule, rangi ile ile na saizi ile ile, inauzwa shilingi 650 kwenye kibanda na shilingi 1,200 kwenye duka lenye kioo na taa upande wa pili wa barabara. Je, hizo shilingi 550 za ziada zinanunua nini?

Mwandishi wa makala haya alilipia jibu kwa fedha zake. Binti yangu alipoanza shule nilimnunulia sweta ya bei ya juu, nikiamini kwamba kilicho ghali hudumu. Kufikia Pasaka viwiko vilikuwa vimetoboka na ncha za mikono zimelegea kama mdomo wa gunia. Mwenzake waliyekaa dawati moja alikuwa na sweta iliyofumwa sokoni na mama mmoja mwenye mashine yake ya mkono, kwa bei ya chini kuliko yangu. Ile ilivaliwa hadi mwaka uliofuata, kisha ikarithiwa na mdogo wake. Tangu siku hiyo nimejizoeza kugeuza nguo ndani nje kabla ya kuuliza bei.

Bei imebeba nini

Mwenye duka mjini hapangi bei kwa kuangalia kitambaa pekee. Ana kodi ya chumba, umeme, mshahara wa wasaidizi, leseni ya biashara na nauli ya mzigo kutoka Nairobi, ambako wengi huenda kununua kwa jumla katika maduka ya Eastleigh na Kamukunji. Akiwa amesajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 nyingine huingia hapo. Mwenye meza katika soko la Daraja Mbili siku ya Jumatatu au Alhamisi hana mzigo mkubwa hivyo. Hawa wawili wanaweza kununua shati lile lile kwa mwenye jumla yule yule na kuliuza kwa bei mbili tofauti, wala hakuna aliyemwibia mteja. Anayenunua dukani analipia pia mahali pa kujaribia nguo, risiti, na uhakika kwamba wiki ijayo duka litakuwa pale pale. Hivyo ni vitu vyenye thamani. Ila havikushonwa ndani ya shati.

Kisha kuna majira. Wakulima wa majani chai wanajua jinsi mji unavyochangamka bonasi ikitoka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Desemba huja na Krismasi, na Januari ni ya sare. Nguo iliyokaa dukani tangu Julai haibadiliki uzi wala mshono inapofika Januari. Kinachobadilika ni idadi ya watu wanaoitaka.

Jina la kampuni nalo lina bei yake, na hili si la Kisii pekee. Mwaka 2025 shirika la WRAP la Uingereza pamoja na Chuo Kikuu cha Leeds walitoa matokeo ya kupima uimara wa fulana 47 za bei mbalimbali. Fulana iliyokuwa ghali kuliko zote, ya karibu pauni 400, ilishika nafasi ya 28. Ikiwa hali ni hiyo huko, ambako fulana hupimwa kwa mitambo, sisi tunaonunua kwa kuangalia lebo tuwe waangalifu zaidi, kwa kuwa lebo ni kipande cha kitambaa kinachoweza kushonwa popote. Maandishi yanayosema nguo imetoka Uturuki au Italia hayathibitishi kwamba iliwahi kufika huko.

Pale bei ya chini inaposema kweli

Hata hivyo, bei ikishuka mno kuna mahali ilipopunguziwa, na mahali penyewe hujulikana. Mtengenezaji anayetaka nguo itoke rahisi hupunguza kwanza kitambaa: nyuzi zinakuwa nyembamba na zinakaa mbalimbali. Halafu hupunguza kazi ya cherehani, kwa sababu mshono wenye nafasi kubwa kati ya tundu na tundu huisha haraka. Mwisho hupunguza kile ambacho mnunuzi haangalii kabisa, yaani kitambaa cha akiba ndani ya mishono, uzi wa kushonea, zipu, na ugumu wa ndani ya kola.

Hayo yote yanaweza kukaguliwa kwa mikono na macho mkiwa pale pale dukani. Inua nguo kwenye mwanga. Shati la shule likikuonyesha vidole vyako waziwazi upande wa pili, halitamaliza mwaka. Geuza ndani nje, shika pande mbili za mshono wa bega au wa makalio ya suruali, vuta kidogo: ukiona uzi na mwanga katikati, hapo ndipo patakapofumuka mtoto akiruka ua. Weka kidole gumba juu ya mshono uhesabu sindano imechoma mara ngapi katika upana huo. Mara tisa au kumi ni dalili njema. Zikiwa tano au sita, mshono huo ulifanywa kwa haraka.

Tazama pia upindo wa chini wa sketi na suruali. Mafundi wetu wa zamani waliacha upindo wa vidole vitatu au vinne, na mtoto akirefuka mzazi aliufumua na kuushusha. Nguo nyingi za kiwandani siku hizi zina upindo wa nusu kidole. Mtoto wa miaka tisa ataizidi sketi hiyo kabla haijachakaa, na hapo hata kitambaa kizuri kinakuwa hasara.

Kwa sweta, vuta ncha ya mkono na kiuno kisha uachie. Ikirudi mara moja, ufumaji ni mzuri. Ikibaki imefunguka, itakuwa gunia kama yangu. Sugua sehemu moja kwa kidole mara kumi au kumi na tano. Vikitokea vinundu vya nyuzi mapema hivyo, vitajaa kifuani baada ya wiki chache za kubeba mkoba. Sweta nyingi za shule ni za akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu. Akriliki si mbaya, maana hufuliwa kwa urahisi na hukauka haraka kuliko sufu. Tofauti kubwa ni wingi wa uzi uliotumika, na wingi huo unausikia kwa uzito mkononi. Chukua sweta mbili za saizi moja, moja kila mkono.

Hapa tuseme neno kuhusu pamba. Wengi wameambiwa kwamba pamba tupu ndiyo bora, na kwa joto la Mombasa au Kisumu ni shauri jema. Kwetu nyanda za juu, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote na aghalabu alasiri, shati la pamba tupu lililofuliwa jioni laweza kuwa bichi asubuhi. Mchanganyiko wa pamba na poliesta hukauka upesi, haukunjamani sana, na kwa mtoto mwenye mashati mawili tu ndio unaofaa. Ukitaka kujua ulichouziwa, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya upindo ukiwa nyumbani, uushike kwa kibanio na kuuchoma mbali na nguo na mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta na akriliki huyeyuka na kuacha chembe ngumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua.

Mitumba

Kwenye mitumba bei ina mantiki nyingine. Robota hufika limefungwa, mara nyingi la kilo 45, na mfanyabiashara hulinunua bila kujua kilichomo ndani. Likifunguliwa, nguo nzuri kabisa, zinazoitwa kamera, huchaguliwa kwanza kwa bei ya juu. Bei hushuka kadiri siku inavyoendelea hadi zibaki fagia, zinazorundikwa chini na kuuzwa kwa shilingi chache. Hivyo bei ya mtumba hukueleza zaidi umefika saa ngapi. Mwenye jicho anaweza kupata koti imara katika rundo la fagia, na mwenye haraka akauziwa kama kamera nguo ambayo kwapa zake zimeoza kwa jasho.

Mtumba una jambo moja zuri ambalo nguo mpya haina: umeshafuliwa mara nyingi. Kama rangi ingechujuka, ingekuwa imekwisha kuchujuka. Kama ingerudi kwa maji, imekwisha kurudi. Unachokiona ndicho utakachobaki nacho. Kagua kwapa, magoti, mapaja kwa ndani, zipu na makalio.

Wengi wanakumbuka Machi 2020, serikali ilipozuia uagizaji wa mitumba kwa sababu ya korona hadi Agosti mwaka huo. Robota lililokuwa tayari sokoni halikuongezeka ubora kwa siku hata moja katika miezi hiyo, ila thamani yake kwa aliyelimiliki haikubaki ilivyokuwa.

Hesabu ya muhula

Njia tunayopendekeza ni kugawanya bei kwa mihula ambayo nguo itavaliwa. Sweta ya 650 ikiisha kwa muhula mmoja, mwaka mzima utatumia shilingi 1,950. Ya 1,200 ikidumu miaka miwili, yaani mihula sita, ni shilingi 200 kwa muhula. Ya mfumaji wa sokoni ya shilingi 800 ikidumu mihula minne, nayo ni shilingi 200. Yangu ilikuwa shilingi 1,200 kwa muhula mmoja, na hapo hesabu inaniaibisha.

Tunajua kwamba mzazi mwenye shilingi 700 mkononi na watoto watatu hawezi kula hesabu ya mihula sita. Hili ndilo humfanya maskini anunue mara nyingi na kulipa zaidi. Liko jambo linalosaidia kidogo: mafundi na wafumaji huwa na nafasi Oktoba na Novemba kabla ya msukumo wa Januari, na wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo hadi nguo iishe. Mwombe aache kitambaa cha akiba kwenye mishono na upindo, na kwenye sweta aongeze uzi viwikoni. Hayo huwezi kuyaomba dukani kwa nguo iliyokwisha kutengenezwa.

Mzazi pia asikubali kufungwa kwa muuzaji mmoja. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imewahi kuzionya shule dhidi ya kuwalazimisha wazazi kununua sare katika duka lililoteuliwa na shule. Shule ina haki ya kutaja rangi na mtindo. Mahali pa kununua ni uamuzi wako.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na kupewa maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuuza. Ukiambiwa ni sufu nayo ni akriliki, umeuziwa kisichokuwa.

Tangazo la ukutani lisemalo bidhaa ikishauzwa hairudishwi haliziondoi haki hizi. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 haimruhusu muuzaji kuzifuta kwa maneno yake mwenyewe. Lakini tangazo hilo lina nguvu ikiwa umebadilisha mawazo tu, au rangi haikukupendeza ulipofika nyumbani.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui, na kinaweza kumgeukia mnunuzi. Sheria hiyo ya Sura ya 31 inasema kwamba ikiwa umeikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Mshono uliofumuka ukiuona na kuunyamazia, basi umeukubali. Ukiuona, useme hapo hapo, upunguziwe bei au ubadilishiwe. Rangi inayochujuka kwenye maji ya kwanza ni kasoro ya namna nyingine, kwa sababu macho hayakuweza kuiona dukani.

Omba risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, na mwambie muuzaji aandike alichokuahidi: sufu, pamba, au saizi. Nguo ikikufumukia, ipeleke kwa aliyekuuzia kwanza, ikiwa na risiti, bila kuishona upya mwenyewe. Asipokusikiliza, ilete katika ofisi ya biashara ya kaunti. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeweka masoko na biashara ya haki mikononi mwa serikali za kaunti, na kupokea lalamiko kama hilo ni kazi yetu. Njoo na nguo yenyewe, maana maelezo ya mdomo peke yake ni vigumu kuyapima.