Kabla Hujapokea Dipoziti ya Mtoto wa Paka

Ukiweka picha ya Persian mweupe kwenye status, simu haitulii. "Anauzwa?" "Akizaa niwekee mmoja." "Nitume dipoziti kwa namba gani?" Kwa wafugaji wengi wanaoanza, biashara huanzia hapo hapo: paka hajapandishwa, pesa ishaingia kwenye simu.

Hiyo pesa ndiyo tunataka kuizungumzia, lakini kwanza tuongee kuhusu paka mwenyewe, kwa sababu ukimwelewa yeye utaelewa kwa nini dipoziti ya mapema ni hatari.

Mtu anayenunua paka wa nasaba analipia habari kuliko manyoya. Baba yake nani, mama yake nani, walipimwa ugonjwa gani, amechanjwa lini. Cheti cha nasaba hutolewa na shirika la usajili, si kitu cha kuprint saiba. Yapo kama CFA la Marekani, lililoanza 1906, GCCF la Uingereza la 1910, na FIFe la Ulaya. Kama paka wako hana cheti bado ni paka mrembo na unaweza kumpenda vizuri tu, ila usimuuze kwa jina na bei ambayo huwezi kuithibitisha. Na hata cheti kina mipaka: kinakuonyesha ukoo, hakikuambii kama figo ziko sawa.

Figo ndizo za kuanza nazo ukiwa na Persian. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa PKD, ambapo vifuko vya maji huota ndani ya figo na kukua polepole kwa miaka. Mzazi mmoja akiwa na hiyo jeni, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Ubaya wake ni kwamba paka huonekana mzima kabisa akiwa kijana, na dalili huja mara nyingi akiwa na miaka kama saba hivi. Kufikia hapo ameshazaa mara kadhaa, na watoto wake wako Nakuru, Thika na Mombasa kwa watu waliokuamini. Kipimo cha jeni kipo tangu katikati ya miaka ya 2000: unapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu la paka na kutuma sampuli maabara. Njia nyingine ni daktari wa mifugo kuangalia figo kwa ultrasound paka akifikisha miezi kumi au zaidi. Pima wazazi wote wawili. Aliye na jeni anafungwa kizazi na kubaki kipenzi cha nyumbani.

Ukiwa na British Shorthair, uliza pia kundi la damu. Paka wana makundi yao, A na B ndiyo makubwa, na AB ni nadra. Mama wa kundi B akipandishwa na dume wa A anaweza kuzaa watoto wa A wenye afya nzuri, wakanyonya maziwa ya kwanza, na siku chache baadaye wakaanza kufa mmoja mmoja. Maziwa yale ya siku ya kwanza yana kinga ya mama inayoshambulia damu yao. Wengi husema "walirogwa" au "ni baridi", kumbe kipimo kimoja kabla ya kupandisha kingewaokoa.

Kuhusu Scottish Fold tutakuwa wazi: hatungekushauri. Jeni inayokunja masikio ni ile ile inayoharibu gegedu sehemu nyingine za mwili, na paka huishia na maumivu ya viungo. GCCF waliacha kuwasajili tangu miaka ya 1970. Soko lipo, ndiyo. Bado hapana.

Na kabla ya kuagiza paka wa ng'ambo, ujue Kenya tuna uzao wetu unaotambulika duniani. Sokoke, yule mwenye madoadoa kama gome la mti, ametoka eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Mwaka wa 1978 Jeni Slater alikuta watoto wa paka wa aina hiyo karibu na Watamu akawalea, baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na FIFe ikawatambua 1993. Kwa mfugaji kuna somo muhimu pale. Uzao wa Ulaya ulianza na paka wachache mno, ikabidi baadaye watafutwe wengine kutoka Kenya kuongeza damu mpya. Kwa hivyo ukinunua dume na jike kwa muuzaji mmoja, uliza kama ni ndugu. Wengi hawaulizi.

Sasa kalenda. Kwenye nchi za baridi paka hupumzika mwanga wa siku ukipungua, lakini sisi tuko ikweta, mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hivyo jike anaweza kutafuta dume mwezi wowote. Usimfuate kila mara. Mwache afikishe angalau mwaka mmoja, na baada ya kuzaa mpe muda arudishe mwili. Mimba huchukua siku 63 hadi 67. Nunua mizani ya jikoni: mtoto huzaliwa na gramu kama 100 na anatakiwa kuongeza takriban gramu 10 kwa siku. Asiyeongeza uzito usimsubirie kesho, mpigie daktari. Wakifika wiki nne wanaanza kuonja chakula, kisha inakuja dawa ya minyoo, chanjo ya kwanza wiki ya nane au ya tisa, na ya pili wiki ya 12. Ndipo wanaondoka, wiki ya 12 au 13. Watu watakusukuma uwatoe wakiwa na wiki sita kwa sababu "wako cute sasa hivi". Wakati huo bado wanajifunza kwa mama na ndugu zao jinsi ya kucheza bila kuuma.

Hesabu kutoka kupandisha hadi mtoto kuondoka: ni karibu miezi mitano. Tuseme watu wanne walikutumia dipoziti ya 10,000 kila mmoja siku ya kwanza. Una 40,000 kwa simu, na kuna chakula, mchanga wa choo, chanjo. Persian wa uso bapa akishindwa kuzaa saa nane usiku, kuna upasuaji. Wiki ya tatu watoto wawili wanakufa. Unadaiwa 20,000 na simu inasoma 1,300. Hapo mtu mwaminifu kabisa anaanza kuzima simu, na mtaani anaitwa conman.

Kwa hivyo usipokee pesa ya mtu yeyote kabla watoto hawajafika wiki nane na kuonwa na daktari. Orodha ya majina inatosha, ni bure. Pesa ya dharura iwe yako mwenyewe, umeiweka kando kwenye akaunti ya akiba kabla ya kupandisha. Kama hujaipata, subiri joto linalofuata, litakuja tu. Tumia laini au till tofauti na ya matumizi ya nyumbani, ili statement ikuonyeshe kwa kweli kama unapata faida. Mwaka wa kwanza, usishangae ikionyesha hasara.

Mnunuzi akikuonyesha ujumbe kwamba ameshalipa, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtoto. Ukirudisha dipoziti, irudishe kwa namba ile ile iliyotuma, hata akisema umtumie "ndugu yangu". Nawe mnunuzi, omba video ya mtoto akiwa na mama yake, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na salio lilipe ukiwa umemshika paka mkononi.

Masharti yaandike kwenye ujumbe kabla pesa haijatumwa, mjibizane hapo hapo. Unaweza kuandika hivi:

"Habari. Dipoziti ni 10,000 kwa jike wa kijivu, aliyezaliwa tarehe 3. Atatoka akiwa na wiki 12 na kadi ya chanjo na majibu ya PKD ya wazazi. Akifa au akiugua kabla ya hapo, nakurudishia yote ndani ya siku mbili kwa namba hii hii. Ukibadili nia, nabaki na 2,000 ya chakula. Ukishindwa kumlea wakati wowote, nirudishie mimi, usimtupe. Ukikubali jibu NDIYO, halafu utume."