Udhuru na Kisingizio

Apitaye Barabara ya Zhanqian asubuhi, karibu na stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1974, hukuta mikokoteni iliyosheheni marobota ya nguo na watu wakibishana bei. Wengi wetu twaishi kwa marobota hayo: wako wanaonunua, wanaofasiri, na wanaohesabu mizigo kabla haijaingia kontena. Katika kazi ya namna hiyo makosa hayakosi. Mwezi huu twapenda kuzungumzia namna ya kuyaeleza.

Jioni moja alitujia kijana mmoja, karani katika ghala la wakala wa mizigo. Baada ya "Shikamoo, Mwalimu" alikaa kimya kitambo. Mwenye duka alimwambia kwa simu kwamba marobota ni kumi. Yeye akaandika manne. Kontena likafungwa, na marobota sita ya nguo za watoto, ambayo mteja wa Kariakoo aliyangoja kwa ajili ya Idi, yakabaki Guangzhou. Tajiri alipomwuliza, alijibu kwamba mwenye duka hakutamka vizuri, simu ilikuwa mbovu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Tajiri akampa siku moja alete maelezo ya maandishi. Kijana aliogopa, na hatukumlaumu, maana hapa kibali cha kazi hufungamana na mwajiri. Apotezaye kazi huhatarisha na ukaaji wake.

La kusikitisha ni kwamba hakusema uongo. Kwa Kichina sanifu nne ni "si", kwa sauti ishukayo, na kumi ni "shi", kwa sauti ipandayo. Wenyeji wengi wa kusini huitamka "sh" kama "s", na ndiyo maana wafanyabiashara huonyeshana namba kwa vidole au kwa kikokotoo. Sababu ilikuwa ya kweli, lakini aliitanguliza mbele ya kosa lenyewe, nayo ikasikika kama kisingizio.

Lugha yetu hutofautisha mambo haya. Udhuru ni sababu ikubalikayo. Kisingizio kimetokana na kusingizia, yaani kumtwika mwingine lisilo lake. Wachina nao husema "jiekou", neno lililoundwa kwa "kuazima" na "kinywa".

Kabla ya kumpa kalamu tulimtuma kwanza dukani, kisha ampigie simu mteja. Aliporudi, aliandika hivi:

"Niliandika marobota manne badala ya kumi, wala sikuomba idadi kwa maandishi. Marobota sita hayakusafiri. Nimekwenda dukani na kuyakuta salama. Yaweza kuingia katika kontena lijalo. Mteja nimemwarifu leo. Matamshi ya nne na kumi yanakaribiana, kwa hiyo tangu sasa sitapokea idadi kwa simu bila ya kuthibitishiwa kwa maandishi."

Tazameni: sababu imo, lakini imekuja mwisho, nayo yafanya kazi ya kuzuia kosa jingine. Mvua na simu mbovu zimeondoka.

Tajiri alifoka, kisha akamwamuru asimamie mwenyewe upakiaji wa marobota yale. Mteja alikosa soko la Idi, na hasara hiyo haikufutwa na barua. Lakini kijana yungali kazini.

Twaongeza mawili. Kwanza, mwendeeni mkubwa wenu faraghani, si mbele ya wateja. Pili, msijitwike kosa la mwingine kwa hofu. Kama si lenu, onyesheni stakabadhi, msitukane mtu. Na katika saa mjihadhari vivyo hivyo: saa nane ya asubuhi ya Mchina ni saa mbili yetu, basi andikeni 8:00 na kumwonyesha.

Wazee walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sisi tuliofundisha miaka mingi twakiri kwamba tuliwahi kuwaadhibu watoto kabla hawajamaliza kueleza, nao wakajifunza kuficha. Leo mtoto akivunja kikombe nyumbani, tumwulize: kimevunjikaje, nani atazoa vigae, na kesho utakishikaje? Akizoea kujibu hayo jikoni, hatatetemeka ghalani.