Khalifa Aliyeyaogopa Magazeti



Katika nyumba zetu nyingi jina la Sultani Abdulhamid wa Pili hutajwa kwa heshima. Tamthilia za Kituruki zimemwingiza sebuleni, na watoto wetu wanamjua kuwa ndiye aliyemkatalia Theodor Herzl ardhi ya Palestina, na ndiye aliyejenga reli ya Hijaz iliyofika Madina mwaka 1908. Hayo ni kweli, na sifa yake haimpunguki. Lakini utawala wake una ukurasa mwengine, na insafu yatutaka tuusome nao. Khalifa huyu aliziba midomo ya raia wake kwa miaka 30.

Alitawazwa mwaka 1876, na tarehe 23 Disemba mwaka huo dola ya Uthmaniya ikatangaza katiba yake ya kwanza. Aliyeipigania zaidi ni waziri mkuu, Midhat Pasha. Kifungu cha 12 kilisema kwamba magazeti ni huru ndani ya mipaka ya sheria. Kifungu cha 113 nacho kilimpa Sultani uwezo wa kumfukuza nchini yeyote atakayeonekana ni hatari kwa dola. Miezi miwili haikutimia, Midhat Pasha akafukuzwa kwa kifungu hicho hicho. Baadaye alifungwa Taif, na huko gerezani akauawa mwaka 1884. Bunge nalo lilifunguliwa Machi 1877. Februari 1878 likafungwa, na milango yake haikufunguliwa tena hadi 1908.

Kilichobaki ni kalamu, nayo ikatiwa pingu. Wakaguzi wa serikali walisoma magazeti kabla hayajapigwa chapa. Maneno kama uhuru na katiba yaliogopwa kama moto penye makuti. Habari ya mfalme aliyeuawa katika nchi nyengine haikuruhusiwa kuandikwa ilivyo, wasije raia wakapata fikra mbaya. Majasusi wakaenea mijini, na ripoti zao, zilizoitwa jurnal, zikamiminika katika kasri la Yıldız. Aliyetaka cheo aliweza kumchongea mwenziwe, na aliyekuwa na kinyongo na jirani alipata pa kukitolea.

Hapo ndipo jambo la siasa linapoingia ndani ya nyumba. Mji wenye majasusi ni mji ambao baba hupunguza sauti mgeni akibisha hodi, na mama humfunza mwanawe kunyamaza kabla hajamfunza kusema kweli. Mtoto aliyelelewa hivyo hukua akijua lugha mbili: ya chumbani na ya barazani. Unafiki hauhitaji mwalimu bora kuliko huyo.

Katika mji wa Halab, Shamu, alikuwako mwanachuoni aliyekataa lugha hizo mbili. Naye ni Sheikh Abdulrahman al-Kawakibi, mtoto wa nyumba ya elimu, ambaye babake alikuwa mwalimu wa madrasa. Mwaka 1877 alianzisha gazeti la al-Shahba. Liwali wa mji hakupendezwa na maandishi yake, na gazeti likafungwa kabla ya kufikisha matoleo 20. Mwaka 1879 akaanzisha jengine, al-I'tidal, nalo likafungwa. Sheikh hakukaa akilia. Alifungua ofisi akawa akiwaandikia watu mashtaka yao dhidi ya wakubwa, hata wakamwita baba wa wanyonge. Alitiwa gerezani, akatoka, na mwisho akahamia Misri. Kutoka huko alitoa kitabu chake juu ya tabia za udhalimu, Tabai' al-Istibdad, pasina kuliweka jina lake. Alifariki Cairo mwaka 1902, na jamaa zake waliamini kwamba alitiliwa sumu.

Wapo wasemao kwamba kumkosoa mtawala ni kuleta fitina. Na tutazame basi ukimya ule ulileta nini. Mtawala akiwaziba watu midomo huwa amejiziba masikio mwenyewe. Abdulhamid alikuwa na majasusi wengi, lakini jasusi humwandikia bwana wake lile litakalomlipa. Wanajeshi wake mwenyewe walipoasi huko Makedonia mwaka 1908, ripoti zote zile hazikumfaa kitu. Tarehe 24 Julai ilimbidi airejeshe katiba, na siku ya pili magazeti ya Istanbul yakatoka bila ya kupitia kwa mkaguzi. Mwaka 1909 akauzuliwa.

Wala tusidhani kwamba dhulma iliondoka na mtu mmoja. Mwezi Aprili 1909, kabla hata ya Sultani kuuzuliwa, mwandishi Hasan Fehmi, aliyekuwa akiwakosoa mabwana wapya, alipigwa risasi juu ya daraja la Galata akafa. Maradhi hayakuwa ya kiti cha ufalme peke yake. Yeyote ashikaye mamlaka hupenda kusifiwa, na asipopata wa kumkanya huharibika.

Dini yetu ilikwisha kutuonya. Mwenyezi Mungu ameifanya shura kuwa sifa ya waumini, na sura nzima ikaitwa kwa jina hilo. Mtume (S.A.W.) alilihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni katika jihadi bora kabisa. Na dada zetu wamkumbuke Bi Khawla bint Tha'laba (R.A.), aliyemjia Mtume kujadiliana naye kuhusu dhulma ya mumewe. Hakunyamazishwa. Mola wake alimsikia, zikashuka aya, na sura ikaitwa al-Mujadila.

Kalamu ya kina al-Kawakibi haikukatika. Maandishi yake yalitoka pia katika al-Manar ya Cairo, jarida lililosomwa na wanavyuoni wa pwani yetu. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alikuwa miongoni mwa wasomaji hao, naye hapa Mombasa, chini ya ukoloni, akatoa al-Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Karatasi kama hii uishikayo ni mjukuu wa zile.

Basi tuanze nyumbani. Uhuru wa kusema si ruhusa ya kusengenya wala ya kusambaza uvumi wa simu. Qur'ani imetuamrisha tuchunguze kila habari. Lakini mtoto akisema kwa adabu, "Baba, hapa umekosea," asipigwe kofi. Mke akitoa rai, isikilizwe. Nyumba isiyomsikiliza aliye mdogo humlea dhalimu wa kesho, au mtumwa wake.

Mwenyezi Mungu atupe viongozi wanaosikia, na atupe ndimi zisemazo kweli kwa hekima. Amin.