CHOMBO KILICHOSHONWA: JINSI KAYAKI YA BAHARI IJENGWAVYO

Seremala wa Kawangware, mjini Nairobi, hufanya kazi yake maili 300 hivi kutoka baharini. Hutengeneza vitanda, meza na makabati, na kila aonapo shaka ya uimara huongeza msumari. Fundi huyu akiombwa kujenga kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa baharini uliofunikwa juu, aweza kudhani kwamba dawa ni ile ile: ubao mnene na misumari mingi. Sivyo hata kidogo. Kitanda husimama juu ya sakafu iliyotulia, bali chombo husukumwa na wimbi kila upande. Msumari hushika mahali pamoja tu, na hapo ndipo ubao hupasukia. Jambo hili lilijulikana tangu zamani na watu wa mbali sana na hapa, na pia na watu wa pwani yetu wenyewe.

CHOMBO CHA WAALEUT

Waaleut, ambao kwa lugha yao hujiita Unangan, ni wenyeji wa visiwa vya Alaska, nchi ambayo Marekani iliinunua kwa Warusi mwaka 1867. Visiwani mwao hamna misitu. Kwa hiyo waliokota magogo yaliyotupwa pwani na mawimbi, wakachonga fito nyembamba za kiunzi. Fito hizo hawakuzipigilia misumari, bali walizifunga kwa kano za wanyama, kisha wakakifunika kiunzi kwa ngozi za simba-bahari zilizoshonwa imara. Mwindaji aliketi katika tundu, akavaa vazi la matumbo ya wanyama wa baharini, akalifunga ukingoni mwa tundu ili maji yasipenye. Wimbi lilipopiga, kiunzi kilipinda kidogo kikarudi, wala hapakuwa na fundo moja lililobeba nguvu yote.

MTEPE WA LAMU

Kitabu kimoja cha Kiyunani cha karne ya 1 chataja mashua zilizoshonwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza kwamba chombo cha misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kwa kamba hunyumbuka kikasalimika. Chombo cha namna hii katika visiwa vya Lamu kiliitwa mtepe. Mbao zake zilitobolewa kwa keekee, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Aibu yake ilikuwa moja: kilivuja, na mabaharia walifua maji usiku na mchana. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa imekwisha kuwa adimu. Mwaka 2003 mmoja ulijengwa tena Unguja ili watu wauone ulivyokuwa.

KAZI YENYEWE

Siku hizi ushonaji umerudi kwa njia nyingine. Mwaka 1963 huko Uingereza ilitolewa mashua ndogo iitwayo Mirror, ambayo mtu aliweza kuijenga nyumbani kwa kushona plaiwudi kwa waya wa shaba. Kayaki nyingi za mbao hujengwa vivyo hivyo.

Kwanza, hutafutwa plaiwudi ya mashua, unene wa milimita 4. Plaiwudi huuzwa kwa urefu wa futi 8, na kayaki ya mtu mmoja huwa futi 16 au 17; kwa hiyo ncha hupigwa randa kwa mshazari na kuunganishwa kwa gundi. Pili, vipande hukatwa kwa kufuata ramani, kila upande sawasawa na mwenzake. Tofauti ndogo huenda ikakifanya chombo kivute upande siku zote. Tatu, kingo hutobolewa matundu madogo, na vipande hushonwa kwa waya. Hapo ubao uliolala huinuka ukawa chombo. Nne, gundi ya epoksi hupakwa ndani ya mshono wote. Ikikauka, waya huondolewa, na kitambaa cha nyuzi za kioo hulazwa juu ya mshono na kuloweshwa kwa gundi ile ile. Hivyo nguvu hugawanyika kutoka omo hata tezi, na chombo hakivuji kama mtepe. Mwisho hutiwa viambaza viwili, mbele na nyuma ya mpandaji, kisha sitaha hufunika juu.

MAMBO YA KUANGALIA

Viambaza visiachwe kwa kuokoa gharama. Hewa iliyofungiwa ncha zote mbili ndiyo ikieleazayo chombo kilichojaa maji. Gundi ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa na mwenye kuitengeneza, kwani ikikosewa haikauki. Fundi avae glavu, na apigapo msasa afunike pua na mdomo.

Kayaki mpya ijaribiwe maji yakiwa shwari, karibu na ufuko, na mpandaji avae jaketi la kuokolea maisha. Zamani wakazi wa Nairobi walishindana kwa mashua za tanga katika bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 karibu na Kibera; baadaye uchafu na magugu vililiharibu. Kwa sababu hii chombo cha Kawangware hakina budi kusafirishwa mbali kabla ya kugusa maji, na hilo ni sababu zaidi ya kukikagua vizuri kingali karakanani. Kitanda kibovu humwangusha mtu sakafuni, naye huinuka akacheka. Chombo kibovu hakimpi nafasi hiyo.